Visiwa Vilivyoshangilia Mvua

Stumai wa Kolo hakuwahi kuiona bahari, lakini asubuhi hiyo alikuwa waziri wa kisiwa.

Kisiwa chenyewe hakikuwa na jina. Mama Ursula, ofisa mstaafu wa mambo ya nje aliyekuwa akiwanoa vijana kwa majadiliano ya kuigiza, alikataa kukipa jina, akisema jina lingewafanya waige badala ya kufikiri. Nchi za visiwa vidogo zilikuwa karibu kukutana Dodoma ili zikubaliane kauli moja kabla ya kwenda kwenye majadiliano makubwa ya dunia kuhusu maendeleo endelevu, na wajumbe walihitaji wasaidizi wa kuandaa rasimu. Ilibaki nafasi moja. Stumai aliitaka kwa moyo wote, maana tangu ahitimu chuo kazi pekee aliyoipata ilikuwa kumsaidia shangazi yake kuuza mitumba katika soko la Majengo.

Sharti lilikuwa hili: kundi lake likubaliane na mataifa tajiri juu ya ibara moja kabla ya chakula cha mchana. Likishindwa, nafasi ingekwenda kwa kundi jingine. Ibara ilitaka matajiri watoe fedha kabla ya kimbunga, si baada yake.

Mataifa tajiri yote yalikuwa Gerson, kijana wa Ihumwa. Yeye alikwisha kupata nafasi yake juma lililotangulia, hivyo alibishana kwa raha zake.

"Mheshimiwa waziri," alisema, akijinyoosha kitini kama mwenye zizi lililojaa, "kimbunga kikija, wewe piga simu tu. Tutaleta mahema."

"Nipige simu na mnara umeanguka?"

"Basi tuma mtu."

"Apande nini, kaka? Mlango unaoelea?"

Loisi, aliyekuwa katibu wa kisiwa, aliinama kuficha kicheko. Mama Ursula aligonga meza kwa kalamu. "Mzaha tumeusikia. Sasa nataka hoja."

Hoja haikuja, kwa kuwa mvua ilitangulia. Ilianza kwa harufu ya vumbi lililolowa, kisha matone mazito yakapiga bati. Ilikuwa mvua ya kwanza ya msimu. Stumai hakujua alisimama saa ngapi. Alijikuta barazani, viganja vimekingwa, na Loisi kando yake akipiga vigelegele. Gerson naye aliinuka nusu, akakumbuka yeye ni nani, akaketi tena.

Waliporudi, nguo zikidondosha maji, Gerson alikuwa ameinua mkono.

"Mwenyekiti, naomba iandikwe kwamba dhoruba ilipokipiga kisiwa, serikali nzima ilitoka nje kucheza."

Ukumbi uliangua kicheko. Mama Ursula hakucheka.

"Hoja ni halali. Waziri, mjibu."

Stumai aliiona nafasi yake ikisombwa pamoja na maji ya barazani. Akajiuliza kwa dhati ni kitu gani kilichomtoa nje, na jibu likamjia polepole.

"Nilishangilia," alisema, "kwa sababu mtama wa mama yangu umo ardhini. Aliupanda kwenye udongo mkavu, mbingu ikiwa haina hata wingu. Jirani ambaye hajapanda, mvua hii hii inamtia huzuni. Nasi tunaomba tupande mapema. Kuta za kuzuia mawimbi, matangi ya maji ya kunywa, nyumba zinazohimili upepo, vyote hivyo havijengwi upepo ukiwa umeshaanza kuvuma."

Gerson alishika kidevu. Alipojibu, utajiri ulikuwa umemtoka sautini.

"Na mvua ikinyesha siku moja, ikakata? Mwaka juzi kwetu mbegu ziliota, zikakauka. Mzee alipanda upya."

"Mbegu za kupanda upya alizitoa wapi?"

"Alibakiza. Nani anamwaga debe zima siku moja, dada?"

"Hata mama hamwagi."

Wakatazamana. Loisi ndiye aliyewahi kalamu.

"Basi sehemu ya fedha itolewe mapema," alisema huku akiandika, "na sehemu ibaki akiba, maafa yakizidi maandalizi."

"Na anayepewa aonyeshe shamba," Gerson akaongeza, akiurudia utajiri wake. "Sitoi mbegu kwa mtu ambaye hata jembe hajagusa."

"Tutaonyesha. Ila usije kukagua kila asubuhi, tutakosa muda wa kulima."

"Mara moja kwa mwaka."

"Nakubali."

Mama Ursula aliisoma ibara kwa sauti, akafuta neno "shamba", akaweka "mpango wa taifa", kisha akauliza kama yupo anayepinga. Hakuna aliyeinua mkono. Nje, wapishi walikuwa wakihamisha sufuria za wali kuzikinga na mvua.

Alimwita Stumai mbele.

"Nafasi ni yako. Utakaa nyuma ya wajumbe. Utabeba rasimu, utaandika mabadiliko, na hutasema neno mpaka uulizwe."

"Ahsante, mama. Nimeelewa."

"Hata wakikosea."

"Hata wakikosea, mama."

"Mama Ursula," Gerson alisema akipanga viti, "hiyo si kazi uliyompa. Ni adhabu."

"Wewe utakaa kiti cha jirani," Stumai alimjibu. "Mjumbe akikosea, nitakukanyaga mguu, useme wewe."