Kitu Anachokipenda Kameswari

Mwalimu Somayajulu aliondoka Amalapuram akiwa ameshapanga namna ya kuupiga chenga mto Ganga. Desturi ya kwao inajulikana: ukifika Kashi, mji mtakatifu ulio kando ya mto huo, ukaoga, unachota maji kwa viganja, unataja tunda moja na mboga moja unavyovipenda, unayamwaga yale maji, na tangu siku hiyo hadi unakufa vitu hivyo havigusi kinywa chako. Mwalimu alikuwa mkuu wa shule kwa miaka ishirini na minne, na katika miaka hiyo aliwachapa watoto wengi sana kwa kosa la kusema uongo. Sasa yeye mwenyewe alikuwa amepanga kuacha karela, ile mboga chungu, ambayo hakuila hata kama dawa. Kwa upande wa tunda alichagua mapera, kwa kuwa meno yake yalikuwa yameshayashindwa.

Alichokuwa akikilinda ni biringanya. Zile ndogo za zambarau, ambazo mkewe, Kameswari, huzipasua mara nne bila kuziachanisha, akazishindilia ufuta, pilipili na ukwaju, akazipika taratibu mpaka mafuta yakapanda juu. Mwalimu alizila mara tatu kwa wiki. Aliwahi kuchelewa mazishi ya binamu yake kwa sababu zilikuwa bado jikoni. Ndani ya treni, kwa siku mbili, alimweleza kila aliyekaa karibu naye kwamba mtu akimnyang'anya biringanya zake, basi na amzike kabisa.

Asubuhi ya kwanza yeye na mkewe walishuka ngazi za Kedar zinazoingia mtoni, kwenye baridi ya Januari. Aliyewapokea ni kuhani Avadhani, Mtelugu mwenzao, ambaye ukoo wake umeishi Kashi vizazi sita na bado unagombana kwa Kitelugu. Akawasimamisha majini mpaka magotini, na wote wawili wakaanza kutetemeka.

"Haya, Mwalimu. Mboga gani?"

"Karela," alisema Mwalimu, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Avadhani hakuendelea na sala. "Karela tena. Nusu ya wilaya yenu wameziacha hapa. Tangu nianze kazi hii sijaona mtu wa kwenu aliyekuja kuacha kitu anachokula." Akamgeukia Kameswari. "Siku hizi nimejifunza, nauliza wake zao. Dada, huyu anapenda karela?"

Mwalimu hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Kwa miaka arobaini na mmoja mkewe hakuwahi kumpinga mbele za watu. Lakini Kameswari alikuwa amesimama ndani ya Ganga, na yeye, tofauti na mumewe, alikuwa anaamini.

"Hajawahi kuila," alisema. "Nikiipika anahamia barazani mpaka harufu iishe."

Wanawake waliokuwa wakioga ngazi ya chini wakaangua kicheko. "Anapenda biringanya," Kameswari akaongeza, maana alikuwa ameshaanza.

"Mbona nahojiwa mimi peke yangu?" Mwalimu akafoka. "Na yeye aulizwe."

"Ni haki," alisema Avadhani. "Yeye anapenda nini? Jibu wewe, si ni mkeo?"

Mwalimu aliijua miji mikuu ya nchi zote za dunia, hata zile zilizobadilisha majina. Akafungua kinywa kwa kujiamini, akatafuta jibu, asilione. "Anakula tunachokula sisi."

"Sijakuuliza anakula nini."

"Ukoko," alisema Mwalimu, uso ukamchangamka. "Anapenda ukoko wa wali. Kila siku anasema mwenyewe."

"Nasema hivyo kwa sababu ndio unaokuwa umebaki, Baba Sarada." Kameswari hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemsahihishia mtu tarehe.

"Basi tuambie wewe, dada. Unapenda nini?"

Kameswari akafikiri. Alifikiri kweli, macho kwenye maji, mpaka midomo yake ikageuka rangi kwa baridi. "Sijui," alisema mwishoni. Wale wanawake wa chini wakaacha kucheka.

Aliyefurahi pale ni Mwalimu peke yake. Mke akiwa hana cha kuacha, ibada ya mume na mke haiwezi kukamilika, na isipokamilika, biringanya zimepona. Alikuwa ameshaanza kukusanya nguo zake ngazini aliposikia mkewe akisema nyuma yake, "Treni yetu ni Jumamosi. Leo Jumatano. Nitatafuta."

"Utatafuta nini, Mama Sarada?"

"Ninachokipenda."

Akatoka vilevile na sari iliyolowa. Mwalimu akamfuata, kwanza akinung'unika, kisha kimya, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumpa chakula mji mzima.

Kashi ina nyumba za ibada nyingi kuliko vyoo, na penye ibada hapakosi jiko. Walianzia kwa Masingasinga, ambako kila anayeingia hukalishwa chini na kupakuliwa dengu bila kuulizwa jina. Mwalimu alitaka kujua aliyepika ni wa tabaka gani. Akaambiwa aliyepika leo ni daktari wa meno, na kwamba yeye asiposogeza sahani atapitwa. Kameswari alimaliza chake, akafuta mikono. "Kizuri, lakini sicho."

Kwenye nyumba ya wageni ya Wajaini, ambako hapaliwi kitunguu wala kiazi wala chochote kilichochimbwa ardhini, Mwalimu alikula kwa raha na kusifu usafi. Kameswari alitafuna taratibu. "Chakula hiki kinaogopa," alisema, wakaondoka.

Kwenye mtaa wa Madanpura waliingia kwa mfumaji mmoja kuangalia sari. Mama yake, Bi Shakila, hakuwauliza watakula au hawatakula. Aliwawekea tu bakuli mbili za tambi za maziwa. Mwalimu akarudisha mikono nyuma. "Ukoo wetu," alimnong'oneza mkewe kwa Kitelugu, "haujawahi kula nyumba ya Mwislamu."

"Na ile biriani ya mkaguzi Khaleel, mwaka ule aliokuandikia ripoti nzuri?"

"Nilikwenda kikazi."

"Ulirudi na mchuzi kifuani. Shati nililifua mimi."

Mwalimu akala. Alipomaliza akaangalia kama bakuli la mkewe lina chochote, akakuta ameshalikomba. Hilo halijawahi kutokea nyumbani kwao. Huko Sarnath, nje kidogo ya mji, kwa mama mmoja wa Kitibeti anayeuza supu nje ya hekalu la Wabudha, Mwalimu aliuliza kama kuna nyama, akainywa bila kusubiri kujibiwa. Kameswari alikunywa yake ya mboga mpaka jasho likamtoka puani. "Tunakaribia," alisema.

Ijumaa alfajiri, kwenye kichochoro nyuma ya msikiti, mzee mmoja alikuwa akiuza povu la maziwa lenye zafarani kwenye vikombe vya udongo. Maziwa hulazwa nje yapigwe na umande, kisha hukorogwa mpaka yanakuwa povu tupu. Jua likipanda hakuna kitu, na baridi ikiisha hakuna kitu mpaka mwaka ujao. Kameswari aliweka kijiko mdomoni akafumba macho. Akaomba kikombe cha pili, akaomba cha tatu, na hakumwuliza mumewe kama ameshiba.

Mwalimu akaelewa, na akili yake ikafanya kazi haraka. "Basi acha hii," alisema. "Kwetu haipo. Utakuwa umeacha na hujapoteza chochote."

Kameswari alimtazama, kijiko mkononi. Alikuwa na povu juu ya mdomo na hakulifuta.

Jumamosi walisimama tena majini, mabegi yao yakiwa yamefungwa juu ya ngazi. "Umepata, dada?" aliuliza Avadhani.

"Nimepata."

"Basi chota maji."

Kameswari hakuinama. "Siiachi," alisema. "Nimeijua jana tu. Kuacha nimeacha sana, kuhani, na hakuna aliyenileta mtoni kwa ajili hiyo."

Avadhani ana mstari wa Kisanskriti kwa kila jambo, hata kuibiwa ndala. Asubuhi ile aliishia kuyaachia maji ya viganjani yarudi mtoni.

"Nimeongea na wale wa nyumba ya wageni tuliyofikia," Kameswari akaendelea. "Nitakaa mpaka baridi iishe. Wewe nenda, Baba Sarada, treni isikuache."

"Na mimi nitakula nini?"

Alilisema kwa sauti, mbele za watu, na sauti yake ikamrudia kutoka ukutani. Mwalimu aliona aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Biringanya," alisema mkewe. "Hukuziacha. Ni zako."

Mwalimu akafika Amalapuram siku ya tatu, akapita sokoni, akanunua kilo nzima. Alizipasua zikaachana zote. Juu ya rafu kulikuwa na makopo kumi na moja yasiyo na maandishi, na yeye alikuwa ameishi na makopo yale tangu alipooa. Akapiga simu Kashi.

"Chumvi iko wapi?"

"Kopo la nne, kutoka dirishani." Nyuma yake zilisikika sauti za wanawake wakicheka jambo fulani. "Kingine?"

Mwalimu alikuwa ameandika maswali yake kwenye karatasi, kwa namba, kama mtihani: ufuta ukaangwe kiasi gani, ukwaju ulowekwe muda gani, moto uwe mkubwa au mdogo. Akaitazama karatasi. Akaigeuza.

"Umekula nini leo?" aliuliza.

Vile vicheko vikafifia; mkewe alikuwa amesogea pembeni na simu. Kisha Kameswari akaanza kueleza, tangu asubuhi, kitu kimoja kimoja, na Mwalimu, ambaye tumbo lilikuwa linamnguruma, akavuta kigoda akakaa kumsikiliza.