Mji Aliopewa Aron

Stesheni ya Nyamiaga haina reli. Haijawahi kuwa nayo, hata ya kuazima. Ina kibanda cha tofali za udongo kando ya barabara ya kupanda Ngara mjini, benchi la mkaratusi, mtungi wa maji, na kidirisha cha kukatia tiketi ambamo sasa kuku wa Felisita anatagia. Lakini mtu akitoka Mugoma na kumwambia wa bodaboda, "Nishushe Stesheni," hapati swali la pili.

Mwanzo wake ni hivi. Felisita akiwa bado mke mgeni, watu wa kupima ardhi walipita na darubini yao ya miguu mitatu, wakachimbia kigingi cha zege mbele ya migomba, wakasema treni itapita hapa. Kisha wakaenda zao. Mumewe, Desderius, aliyewahi kuwa mpagazi stesheni ya Tabora, akaanza kufyatua tofali. "Ikifika ikute pa kusimama," alisema. Watu walimcheka mpaka wakachoka, na walipochoka wakakaa kwenye benchi wapumzike. Ndivyo walivyopatikana abiria wa kwanza.

Tangu hapo Stesheni haijalala njaa ya watu. Mvua ikishuka, wanajibanza humo. Mama wa kliniki ananyonyesha humo. Furushi la maharage la mtu wa mjini linaachwa humo mpaka mwenyewe alifuate. Mgeni naye, kwa desturi ya huku, haagwi mlangoni. Anasindikizwa taratibu, hadithi zikiendelea, mpaka Stesheni, na hapo ndipo mkono unapotolewa.

Nauli ilikuwa kitendawili. Ukishindwa kukitegua, unatoa mji. Anayepewa mji anausafiri kwa maneno, anaeleza alivyopokewa, halafu ndipo anafichua jibu. Kwa njia hiyo Felisita, ambaye hajavuka Kahama, amepewa Tabora, Mwanza, Moshi na Kigoma. Mtoto mmoja wa shule alimpa Ulaya. Felisita alimrudishia, akasema kuna baridi.

Desderius alifariki, kigingi kikaota ukungu, na bado kila jioni upepo ulipanda kutoka bonde la Ruvubu, ukaingia kwenye mikaratusi, ukatoa sauti ndefu inayokuja kwa mbali, inakaribia, inapita, inaisha. Felisita alikuwa akifumba macho na kuyasikia mabehewa, moja baada ya jingine, na harufu ya makaa ikamjia puani ingawa hakuna aliyewasha moto.

Alasiri moja Aron, mwanawe wa pekee, alikuja na gari kutoka Biharamulo. Mama yake alikuwa ameteleza kwenye matope ya masika, akalala chini muda mrefu kabla ya mtu kumsikia. Aron hakukaa. Aliingia ndani, akatoka na godoro, akalipakia.

"Shusha hilo godoro," Felisita alisema.

"Mama, safari hii tunaondoka wote. Hurudi tena kukaa peke yako."

"Wewe ni mtoto wa Stesheni. Nitegee. Nikishindwa, napanda gari na mdomo wangu nafunga."

Aron alicheka kidogo, akaegemea mlango wa gari. Alifikiri. "Kitendawili."

"Tega!"

"Kila jioni nafika kwa mama, na miguu yangu iko Biharamulo."

"Hicho cha watoto wa chekechea! Simu."

"Si simu."

"Salamu."

"Wala."

"Ndoto. Basi redio. Basi mwezi, maana unaonekana kote."

"Umeshindwa, mama. Nipe mji."

"Yeee! Haya, chukua Tabora."

"Siitaki."

"Mwanza, na samaki wake wote."

"Samaki wako Biharamulo pia. Nipe Stesheni."

Kuku alitoka kidirishani, akaondoka kwa adabu. Felisita alinyanyuka, akachomoa kwenye paa kibendera cha kijani ambacho Desderius alirudi nacho kutoka Tabora, kimepauka kama jani la chai lililochemshwa mara tatu. Akampa. "Nakupa Stesheni. Isafiri."

"Nimekwenda Stesheni," Aron alianza, "nikamkuta..."

"Shikamoo, bibi!" Mukeshimana, binti wa jirani wa bondeni, alikuwa anatoka kliniki na mtoto mgongoni. "Naomba maji."

"Marahaba, mwanangu. Mwombe huyo. Mimi leo ni abiria."

Aron akachota, akampa kwa mikono miwili. Mukeshimana alikishika kikombe asinywe. "Na kitendawili je? Hapa hatunywi bure."

Aron alikuna kichwa. Kikamjia kile cha baba yake. "Nyumba nyingi zinakimbia, zimeshikana mikono."

"Treni! Huna kigumu?"

"Umeiona wapi treni, wewe?"

"Kuiona sijaiona. Si inapita hapa jioni? Kaa usikilize."

Na kweli upepo ulikuwa umeshaanza kupanda. Mikaratusi iliinama. Ile sauti ikaja kwa mbali, ikakaribia, na Aron akasimama katikati ya barabara na kibendera chake kama mtu aliyeamshwa ndani ya usingizi.

"Nimekwenda Stesheni," alisema polepole. "Nikamkuta baba, tofali mkononi. Akaniuliza nimetokea mji gani. Nikanyweshwa maji. Nikapakatwa. Jibu ni wasiwasi, mama. Kila jioni wasiwasi wangu unafika hapa kuangalia kama umeanguka tena."

Felisita alimshika mwanawe shavu, kisha, kwa kuwa ahadi ni ahadi, akakokota mguu wake mbovu, akapanda gari, akaketi wima na mikono mapajani.

Aron alitazama benchi. Alitazama mtungi. Barabarani wazee wawili walikuwa wanapanda wakimsindikiza mgeni, hawana haraka, macho yao tayari yako kwenye kivuli cha kibanda.

"Mukeshimana, wewe unapita hapa mara ngapi?"

"Asubuhi nikienda shamba, jioni nikirudi."

"Ukiombwa ulale hapa masika yote, wewe na mtoto, utakubali?"

"Kwangu paa linavuja. Leo leo naja."

Aron akafungua mlango wa gari. "Mama, shuka. Mji wangu hauwezi kukaa bila mkuu wa stesheni."

"Unaniajiri?"

"Nakuajiri. Nami nitakuja kukagua."

"Ukija bila kitendawili kipya, hunywi maji," Felisita alisema, akiwa ameshatoa mguu mmoja nje.

Godoro likarudi ndani. Wazee na mgeni wao wakafika, wakaketi. Upepo ukapanda tena, mrefu, na Aron, bila kuona haya, akainua kibendera cha kijani, akairuhusu treni ipite.