Alumini ya Kauthar

Kauthar aliitetea alumini mpaka wenzake kiwandani wakamchoka. Kiwanda chao kidogo cha Ngarenaro kilitengeneza vidonge vya zinki vya watoto wanaoharisha, na yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa vifungashio. Vidonge vile hutengenezwa viyeyuke kwenye kijiko cha maji, kwa hiyo havina urafiki na unyevu hata chembe. "Plastiki inapitisha unyevu kidogo kidogo," alisema kila kikao. "Alumini juu na chini haipitishi." Mzee Ndesanjo, mwenye kiwanda, alikuwa amezoea kuuza vidonge vyake kwenye makopo. Alikubali shingo upande vifungwe kwenye karatasi za alumini, kila kidonge ndani ya kijumba chake.

Sasa duka la dawa la Akheri lilikuwa limerudisha mzigo. Vidonge vimelainika, vingine vimekuwa unga wa kushikana. Mzee Ndesanjo alivimwaga mezani.

"Ijumaa naagiza makopo," alisema. "Kama una neno, liwe limenifikia kabla."

Kauthar roho ilimuuma. Kopo la dukani hufunguliwa kutwa nzima, na kwa ukungu wa kule mlimani, mtoto wa mwisho angepewa dawa iliyokwisha nguvu na mama yake asijue. Halafu zile karatasi za vidonge alizipima mwenyewe kwenye kabati la mvuke, la kujaribia unyevu, zikatoka kavu. Kulikuwa na kitu hakukiona, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Kesho yake akapanda Akheri. Muuza duka, Nice, hakumficha.

"Dawa yenu nzuri, dada, ila haikai."

Kauthar akaomba akae pembeni amwone akiuza. Akaja mama mwenye mtoto mgongoni, akataka vidonge vichache kwanza, vingine atafuata baadaye. Nice akachukua mkasi, akakata karatasi, akampa mama vyake na kurudisha vilivyobaki kwenye boksi. Kauthar akavitoa tena, akaviangalia kwa karibu. Mkasi ulikuwa umepita ukingoni mwa kidonge kilichofuata, na alumini pale imeachia mwanya mwembamba wa kupenya ukucha.

Akacheka, kwa hasira ya kujicheka. Mtoto wa Ngarenaro, utoto mzima ametumwa dukani vidonge viwili vya kichwa, amesimama akiutazama mkasi ukipita. Leo amesoma, ana kabati la mvuke, anapima karatasi nzima nzima, utadhani kuna duka linaloziuza hivyo.

"Waambie waache kukata," Mzee Ndesanjo alisema aliposikia.

"Hawataacha, mzee, na mimi nisingeacha. Mama hununua anachoweza. Tuwape karatasi inayokubali kugawanywa."

"Nionyeshe."

Kauthar akamwomba Rodrick wa mashine amtolee karatasi chache zenye nafasi pana kati ya kidonge na kidonge. Akazipeleka nyumbani kwa mama yake, Mwamvua, ambaye ni mshonaji. Wakazipitisha kwenye cherehani bila uzi, sindano ikatoboa mstari wa vitundu katikati ya kila nafasi. Mwamvua alilalamika kwamba sindano yake imeharibika, lakini hakuacha kukanyaga.

Ijumaa asubuhi Mzee Ndesanjo akaipokea karatasi kwa mashaka. Akaivuta kwa vidole. Ikachanika pale pale kwenye vitundu, na kidonge kilichobaki kikawa bado kimefungwa pande zote. Akakitumbukiza kwenye bakuli la maji, akaagiza chai. Wakainywa polepole, Kauthar akiwa haonji hata utamu wa sukari.

Mzee akakitoa, akakifuta kwa leso, akakiminya. Kidonge kikaangukia mezani kikigonga, kigumu na kikavu. Akakiweka kwenye kijiko cha maji, na papo hapo kikaanza kuyeyuka. Alikitazama mpaka kikaisha chote.

"Mzigo wa kwanza uende Akheri," alisema. "Na uupeleke wewe mwenyewe, wakuone."