Jiko la Mzazi

Nyumba ya Bi Mauwa, pale Temeke nyuma ya soko, haikujua kukaa na watu wachache. Ukipita asubuhi utakuta wanawake wawili barazani wanachambua mchele na kumchambua mwenzao. Ukirudi mchana utakuta watano, na yule aliyechambuliwa naye yumo, anacheka kuliko wote. Tangu Somoe, binti yake wa mwisho, ajifungue, ndiyo ikawa kama kuna harusi. Mtoto alipitishwa mapaja kwa mapaja mpaka Somoe akawa anamdai kama mtu aliyeazimisha sufuria.

Bi Mauwa alikuwa mkandaji. Wanawake wengi wa Temeke wamepita mikononi mwake baada ya kuzaa. Alijua maji ya moto yanavyotakiwa, mafuta ya nazi yanavyotakiwa, na zaidi ya yote alijua jiko: jiko la mkaa lililojaa, likae miguuni pa kitanda mpaka arobaini itoke. Kaburi la mzazi liko wazi siku arobaini, ndivyo walivyomkuza kwao Newala, na kinachomtia mzazi kaburini ni baridi. Dada yake mkubwa alikufa na uzazi, na mpaka leo Bi Mauwa akimtaja husema, "Walimwacha na baridi."

Sasa ikaja amri. Khalfani, mwenyekiti wa mtaa, alizungusha kipaza sauti: kwenye nyumba hizi zilizobanana hakuna tena kuwasha kuni wala mkaa, ndani wala uani. Watoto wanakohoa, vibanda vimeungua, watu wapikie gesi. Mgambo wakikuta jiko wanalipakia kwenye guta na linakwenda. Juzi tu walibeba la mama muuza mihogo, moto ukiwa bado unawaka, na mwenyewe amewapigia magoti.

"Gesi inaivisha maharage," Bi Mauwa aliwaambia wanawake wa barazani. "Mifupa ya mzazi haiwezi."

Basi akawa anawasha jiko uani alfajiri, watu hawajaamka vizuri, analipepea mpaka makaa yawe mekundu yote, ndipo analiingiza kwa Somoe. Mkaa ulioiva hautoi moshi. Mgambo wanafuata pua zao, alisema, na pua hainusi kisichonuka. Mlango wa Somoe ulikuwa unaachwa wazi, pazia tu limeshushwa, kwa sababu wageni hawakatiki na kila mmoja anataka kumwona mtoto.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika, wingu limekaa juu ya mabati tangu asubuhi. Barazani alikuwepo Margareta, mwalimu wa shule ya msingi, mpangaji wa chumba cha mwisho, amempakata mtoto. Yeye ndiye aliyewaona mgambo wakikata kona.

"Bi Mauwa, wageni wako hao."

Bi Mauwa aliingia ndani mbio. Somoe alikuwa amejilaza, kanga mpaka shingoni.

"Mama, kuna nini?"

"Lala. Mgambo hao. Usitoke."

Akafunga dirisha, akarudisha mlango, akakunja kanga kuukuu na kuiziba nafasi ya chini ya mlango, joto lisije likatoka likamsaliti. Alipofika barazani alikuwa ameshaanza kucheka.

"Karibuni wanangu. Mbona mnaingia kama mnadai mahari?"

"Shikamoo mama," alisema Gozbert, mkubwa wao, mtu mrefu wa Bukoba aliyevaa makoti mawili, moja juu ya jingine. "Tunapita tu. Tumeambiwa huku kuna mkaa."

"Marahaba. Mkaa nitoe wapi? Jiko langu la gesi lile pale, kaliulize."

Gozbert alichungulia jikoni, akachungulia uani. Angeondoka. Lakini mvua ilishuka, ile mvua ambayo hata mbwa hatoki, na vijana wake wawili wakabanana ukutani. Ikabidi wakae. Mtu akikaa kwa Bi Mauwa anapewa chai, na akipewa chai anapewa habari.

Aliwapa zote. Aliwapa ya fundi cherehani aliyeshona suti ya bwana harusi akaivaa yeye kwenye harusi ya mwingine. Aliwapa ya mke wa muuza maji aliyehamia kwa shemeji yake, ukuta kwa ukuta, anasikia mumewe akikoroma. Gozbert alicheka mpaka chai ikamwagikia kotini.

"Mama, wewe ungekuwa redio, nyie Temeke msingelala."

"Ngoja umalizie. Huyo shemeji mwenyewe sasa..."

Kutoka ndani ilisikika sauti ndogo. "Mama."

Bi Mauwa alipandisha sauti yake juu ya ile. "Mzazi huyo. Anadai uji kama anadai kodi."

Margareta alitaka kuinuka na mtoto. Bi Mauwa alimshika pindo la gauni chini ya meza, akamvuta akae. Walitazamana. Margareta alikaa.

Sauti haikurudia. Bi Mauwa alishukuru moyoni, akajisemea binti yake ana akili, ameelewa. Akaendelea na ya shemeji mpaka mwisho, akaongeza na nyingine ambayo hata yeye hakuwa na hakika nayo. Mvua ilipokatika aliwasindikiza mgambo mpaka barabarani, akirudi anajifuta machozi ya kicheko.

"Umewaona?" alimwambia Margareta. "Wameshiba habari, wamesahau na guta."

Mlango ulikuwa mgumu kusukuma kwa ajili ya ile kanga. Hewa iliyotoka ilikuwa ya moto, safi, haina hata harufu. Makaa yalikuwa bado mekundu. Somoe alikuwa chini, kati ya kitanda na mlango, mkono mmoja umenyooka mbele, mashavu yake yana rangi nzuri kama ya mtu aliyelala vizuri.

Yowe la Bi Mauwa ndilo lililowarudisha mgambo. Gozbert mwenyewe alimbeba Somoe mpaka kwenye bajaji. Hospitali hawakukaa. Daktari alisema ni hewa ya mkaa, na kwamba haina haja ya moshi ili iue.

"Mama, si ungesema tu kuna mzazi anaota moto," Gozbert alisema pale nje ya hospitali, koti limelowa. "Tungemwachia."

Hakuna aliyejua kama ni kweli. Mama muuza mihogo, aliyekuja na majirani na kusimama pembeni, alitazama chini.

Matanga yalijaza nyumba kuliko siku yoyote. Khalfani alileta salamu za rambirambi na ruhusa: kwa ajili ya msiba, kuni ziwashwe. Mafiga yakapangwa uani, masufuria ya wali yakapanda, na moshi ukaanza kupita kila chumba.

Bi Mauwa alikuwa chumbani kwa Margareta, mtoto mapajani, chupa ya maziwa mkononi. Mtoto alikuwa anaikataa. Wanawake waliingia, wakaanza kuuliza ilikuwaje, naye akawaonyesha mlango kwa kidevu.

Margareta alinyoosha mkono kwenye dirisha.

"Acha wazi," alisema Bi Mauwa.

"Moshi unamjia mtoto, mama."

"Acha wazi, mwalimu."

Margareta alirudisha mkono. Mtoto alikohoa, akalia, na Bi Mauwa akamfunika uso kwa upande wa kanga yake, akaufunua upesi, akaanza tena kumpa chupa.