Birika la Marehemu Sabatino

Shemeji yangu Nunziata hakuwahi kumwazima mtu birika la kahawa la marehemu kaka yangu Sabatino, hata sisi wa damu yake. Lakini hapa Napoli yalipoandaliwa maonyesho ya kahawa ya mji wetu, ya majira ya kuchipua tu, alilitoa bila kubembelezwa. Alitaka mtaa mzima ukalione jina la mumewe.

Siku ya ufunguzi alivaa hereni zake za harusi. Tulipita makabati ya vioo mpaka tukalikuta, jina la Sabatino chini yake kwa herufi kubwa. Birika lilikuwa linang'aa mpaka ndani. Nunziata akaganda. Tangu waoane, Sabatino alilisuuza kwa maji matupu, akiapa kwamba ladha yote imo kwenye ule weusi wa kahawa ulioshikamana ndani.

Msimamizi, binti wa Milano aitwaye Ludovica, akaja akitabasamu. Akatueleza kwa fahari kwamba alilisugua mwenyewe, kwa sabuni.

"Binti," shemeji akasema polepole, "mume wangu nilimzika mwaka jana. Leo umenizikia mara ya pili."

Ludovica aliiva uso kwa aibu. Nilitaka kumpa vidonge vyake, mimi hasira zangu ziko karibu, lakini shemeji alikwishaagiza kabati lifunguliwe. Nani amkatalie mjane anayelia? Pembeni palikuwa na jiko la kuwapikia wageni. Akapika birika la kwanza la kahawa akamwaga, la pili akamwaga, ndivyo tufanyavyo na birika jipya. La tatu akalionja, akafumba macho, kisha akanipa kikombe.

Kahawa ilikuwa laini, tamu, haina hata chembe ya ule uchungu wa majivu niliouzoea kwao.

"Shemeji," akaninong'oneza, "kumbe ile ya Sabatino ilikuwa mbaya?"

"Mbaya sana. Ulivyokuwa unaisifu, nani angethubutu kusema?"

Akacheka huku machozi yakimtoka, akalijaza birika tena. Ludovica akauliza kwa woga kama kahawa haikutoka vizuri.

"Imetoka vizuri mno," shemeji akamjibu, akimsukumia kikombe. "Kunywa, mwanangu, na uwaite wenzako. Nisaidieni kulichafua, nimpate tena mume wangu."