Taa Nyekundu Jikoni kwa Verlin

...watano tu, nikihesabu tena ni watano, Royce mume wangu aliye juu ya ngazi hii ninayoishikilia, Darla dada yake aliyekaa garini akivuta sigara mlango ukiwa wazi, baba yao Verlin aliyejifungia chumbani, Opal wangu wa miezi minane aliyelala, na mimi Kendra, hakukuwa na mgeni mezani, hata jirani hakuwepo, kwa hiyo nililolisema limebaki ndani, limesikiwa na wenyewe, na wenyewe watalisahau... shika vizuri, anasema Royce kutoka juu, nimeshika, nasema, mguu uweke kwenye kidato cha chini, nimeuweka, Royce, unataka niuweke mara ngapi, na kiatu chake kinapanda mbele ya macho yangu na tope la jana linaniangukia kwenye nywele, na simwambii, kwa sababu mlingoti huu wa antena ya redio ya Verlin nimeuomba mimi ung'olewe, mimi ndiye niliyesema maji yanapita pale ulipofungwa ukutani na kuingia chumba cha mtoto, doa limefika juu ya kitanda chake, ni kweli limefika, nimelipima kwa kidole, na kelele za ile redio yake ya kuitana zinamwamsha kila anaposinzia, hilo nalo ni kweli, mkwaruzo mchana kutwa, halafu sauti ya Verlin, Soksi Moja hapa, Soksi Moja anaita, kuna mtu kwenye chaneli, halafu mkwaruzo, halafu anasubiri, halafu tena, mzee wa miaka sabini na nane anayejiita redioni Soksi Moja, na mimi nasimama na mtoto begani nikisubiri naye, nikiona aibu kwa ajili yake, naichukia aibu ile, nimechoka kuibeba... Darla ndiye aliyeanza mezani leo, akasema, mzee, watu wana simu mfukoni, nani atakaa anaita ndani ya sanduku, na Verlin akasema simu unampigia unayemjua, Darla, hii unamwita usiyemjua, na Darla akacheka mdomo ukiwa na mkate wa mahindi, akasema usiyemjua ndiye huyo wa majuzi aliyekuwa anatukana mama za watu saa nzima, na Royce akasema niacheni nimalize maharage yangu kwa amani, na Verlin akaanza kuwataja wenzake wa redioni, kama anavyowataja siku zote, Mama Boga, huyo ni mkewe, marehemu, Mbwa wa Posta, marehemu, Kidole Gumba, yuko kwenye nyumba ya wazee wasiojiweza na hajui tena jina lake, enzi zile Jumamosi tulikuwa tunajaza mkahawa mzima kwa kahawa, watu arobaini, madereva wa malori wanatoka barabara kuu kuja kutuona sura... na juzi mlikuwa wangapi, Royce akauliza, bila ubaya, na Verlin akasema watatu, na mmoja alikuja kwa ajili ya keki, hata yeye alitaka kucheka, nililiona shavu lake likianza, angecheka tungecheka wote na ingeishia hapo, na ndipo mimi, ambaye wanasema nina moyo mlaini, mimi ninayefunga mlango polepole nisimwamshe paka, nikasema, Baba, hakuna anayekusikiliza, hata sisi hatukusikilizi... hata sisi... nani aliniomba niongeze hilo, ningeishia la kwanza lingekuwa habari tu, la pili lilikuwa kisu, na nilijua ni kisu nikiwa bado ninalitamka, na lilinipa raha, ndiyo, lilinipa raha kidogo, kama kukuna mahali panapowasha... yeye akakunja kitambaa chake, akapeleka sahani kwenye sinki, chupa ya Opal ilikuwa ukingoni akaisogeza isianguke, akaenda chumbani, na mlango hakuubamiza, aliusukuma kwa viganja viwili mpaka ukafunga bila sauti, kwa sababu mtoto amelala... ungebamiza tu, mzee, ungenisaidia... umefika wapi, nasema, kwenye kishikizo cha kwanza, anasema Royce, kimeshika kutu, nipe dakika, na Darla kutoka garini anaita, nyie, huo mlingoti msiukate, nautaka kwa maharage ya kutambaa, na Royce anasema, Darla, maharage gani ya futi thelathini, na Darla anasema utashangaa, na mimi sicheki, natazama mbele yangu, na mbele yangu ni dirisha la jikoni, na ndani ya dirisha rafu, na kwenye rafu redio, na angalau alifanya wema mmoja, aliizima kabla ya kula, jikoni kumekuwa kimya tangu tulipokaa mezani, hakuna mkwaruzo, nilifikiri ameizima kwa ajili ya Opal, nilitaka kumshukuru, kabla sijamwambia nililomwambia nilikuwa nataka kumshukuru... lakini ina taa. Taa nyekundu. Redio iliyozimwa haina taa, na redio inayosikiliza taa yake ni ya kijani, nyekundu ni ya kusema, nyekundu inawaka ukibonyeza kitufe cha kipaza sauti, na nani amebonyeza, jikoni hakuna mtu, na naegemea huku mkono haujaachia ngazi, na nakiona kipaza kimelala karibu na mkebe wa sukari, na kiunoni kina mpira, ule mwembamba wa kufungia barua, umezungushwa mara tatu juu ya kitufe... alikuwa anapima. Asubuhi alisema nitawapimia muone kuwa antena bado ni nzima, na wanapopima wanafunga kitufe kwa mpira ili mikono yote miwili ibaki kwa kipimo, Mama Boga mwenyewe alikuwa akifanya hivyo, nimemwona Verlin akifanya mara ishirini, akishamaliza anautoa mpira na kuuvaa mkononi kama saa, na leo hakuutoa, kwa sababu mimi nilimwita, nikasema maharage yanapoa, Baba, na akaja mara moja, huwa hapendi kumngojesha mtu mezani... kwa hiyo tangu maharage. Kila kitu. Mkate wa Darla mdomoni, maharage ya Royce kwa amani, na mimi, sauti yangu mimi, hatua mbili kutoka kwenye kipaza, hata sisi hatukusikilizi, imepanda kwenye waya huu unaopita karibu na sikio langu, ikatoka juu pale ikaenda maili kumi na tano kila upande, mpaka ng'ambo ya mto, jimbo la Kentucky, na hakuna ambaye angeweza kutuambia, kitufe kikiwa chini husikii, wanaweza kupiga kelele mpaka wakauke na sisi tusisikie chochote, ndiyo maana kimya, kimya hakikuwa wema, kimya kilikuwa sisi... taratibu, Kendra, taratibu, hakuna mtu, wewe mwenyewe umesema hakuna mtu, ukisema kweli basi huna aibu, umetukana ndani ya shimo tupu, na nakuta ninawaombea wasiwepo, Mungu wangu wasiwepo, wawe wamekufa wote... nimewaombea nini sasa... na Royce anasema, kishikizo kimeachia, sasa nafungua waya wa antena halafu mlingoti unashuka wenyewe, na hilo pia ninalijua, sikusoma sana lakini Verlin alinifundisha siku ya kwanza, kabla hata ya kunifundisha kuita, bila antena usibonyeze, binti, nguvu ikikosa pa kutokea inarudi ndani na kuichoma, dakika chache tu na huna redio, na kitufe kiko chini, na Royce anafungua waya, hajui, na Darla hajui, na Verlin yuko kitandani anatazama ukuta, ni mimi tu, nikinyamaza kwa muda wa kufungua skrubu moja yamekwisha, si mlingoti tu, yote, hakuna Soksi Moja tena jikoni kwangu, na hakuna wa kulaumiwa, atautoa mpira mwenyewe jioni na kujilaumu mwenyewe, atasema uzee, Kendra, nimezeeka, na mimi nitampa chai... na mtoto atalala. Atalala, Kendra. Si ndicho ulichotaka, nilitaka alale tu, nilitaka ukimya, basi shika ngazi unyamaze... Februari ile sikunyamaza. Februari theluji ilipofunga barabara na maji ya uzazi yakanitoka nikiwa garini, Royce akiwa kazini, na simu bondeni haishiki, nilikishika kipaza cha redio ya garini kwa mikono miwili, sikukumbuka hata jina la redioni alilonipa Verlin, nilisema tu kuna mtu, kuna mtu, sauti kama ya Verlin hasa, nikisubiri kama Verlin, na mtu alikuwepo, mwanaume, mwenye kikohozi, akasema nakusikia, mama, usiizime redio, uko wapi, una nini, na akasema mimi nasukuma theluji huku juu, nakuja, na akaja, gari la manjano lenye koleo mbele, akanitangulia polepole maili ishirini na moja, na njia nzima ananiambia habari za mbwa wake ambaye hapendi daraja, mpaka hospitali, halafu akainua mkono kwenye kioo akageuza, hakushuka hata nimwone sura, wala sijui jina, na wiki zile zote nikiwa nimekaa na Opal mita mbili kutoka kwenye redio, sikuwahi kukishika kipaza nikasema, wewe mwenye mbwa, asante, tulipata msichana... sikuwahi... nilingoja anisahau, huku nikiona aibu kwa niaba ya Verlin, na labda leo alikuwa anakula chakula chake cha mchana huko juu, redio imewaka kama kawaida, na akaisikia sauti akaitambua. Labda aliitambua. Ningependa asiwepo. Hapana, sipendi asiwepo, heri awe amesikia, heri anidharau, lakini awepo... Royce, nasema, usiufungue huo waya, na yeye anasema nimeshaulegeza, nasema urudishe, ukaze, anasema Kendra mikono inaniganda huku, una nini, nasema kitufe kimefungwa kwa mpira, redio inatuma, na naona kiatu kimoja kinasita kwenye kidato, tangu lini, anasema, tangu maharage, nasema, tangu kabla ya maharage, na nasikia spana ikikaza, mara moja, mara mbili, kisha anainamisha kichwa karibu na ukuta mpaka namwona uso, umebadilika rangi, na anasema, kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu aliye kanisani, unafikiri wamesikia lile alilosema Darla mezani kuhusu mchungaji, na mimi nasema Royce, si tumesema hakuna mtu, na anasema ndiyo, tumesema, hakuna, na bado ananong'ona, naye haoni kuwa ananong'ona, na Darla anaita kutoka garini, nyie mnasemezana nini huko, na sisi wote wawili, yeye juu na mimi chini, tunaweka kidole mdomoni...

Kadi ilifika Jumatano kwa posta, bila jina la aliyeituma, imeandikwa kwa penseli: "Yule binti amwombe mzee radhi." Nilikuwa nimeshamwomba.