Vifungo kwenye Meza ya Pasi

"Mama Dobi, hivi mtu asiye na kipaji ukimfua sana anatakata?"

Swali hilo aliniuliza jirani yetu kinyozi, ameegemea mlango wangu, mkasi mkononi, wateja wake wanacheka huko nyuma. Alikuwa anamsema binti yangu. Mimi na binti yangu tunafua na kupiga pasi. Duka la kinyozi liko ukuta wa pili, na humo ndimo mtaa mzima unachezea sataranji. Siku hiyo alikuwa amemfunga binti yangu mara ya mia na kumi na mbili. Nasema mia na kumi na mbili kwa sababu binti huandika kila mchezo kwenye daftari, hatua kwa hatua, na mimi nimesoma shule ya msingi tu lakini kuhesabu najua.

Nikamjibu, "Baba, doa nalo huwa linacheka siku ya kwanza."

Nisimnyime haki yake. Yule kijana amejaliwa. Hakufundishwa na mtu. Alitazama wenzake siku mbili huku ananyoa, siku ya tatu akawafunga wote, tena amesimama. Anakata nywele za mtu huku anapaza sauti, "Nisogezee farasi wangu hapo, akamwamkie malkia wako!" Mwenzake anamsogezea, na kumbe amejimaliza kwa mkono wake mwenyewe. Kipaji ni cha Mungu, na Mungu hakosei nyumba.

Binti yangu hakupewa hivyo. Alichopewa yeye ni kichwa kigumu kama ukosi uliotiwa wanga. Akimaliza mashati ya watu, anapanga juu ya meza ya pasi vifungo vilivyodondoka kwenye nguo, vile ambavyo wenyewe hawakurudi kuviulizia, anacheza peke yake. Mwaka jana nikamwona anacheza kwa vifungo vitatu tu. Viwili vya koti ndio wafalme, kimoja cha shati ndiye askari.

"Mwanangu, kete nyingine umezila?"

"Mama, nimelisoma daftari lote. Kinyozi hajawahi kucheza mpaka mwisho hata siku moja. Kete zikibaki chache, ama mwenzake ameshakata tamaa, ama mteja amekaa kwenye kiti. Wanapeana mikono, wanaita sare. Ndiyo desturi ya lile duka. Mwisho wa mchezo haujui."

Basi mwaka mzima ikawa ni vifungo vitatu. Mfalme anatangulia, askari anafuata nyuma, mpaka afike ukingo wa ubao ageuke malkia. Usiku na mchana, mpaka na mimi nikajua.

Ndipo fundi saa, ambaye ndiye msimamizi wa wacheza sataranji wa mtaa, akatangaza kuwa nafasi ya kwenda mashindano makubwa ni moja, na waliobaki kwenye mchujo ni wawili: kinyozi na binti yangu. Jumamosi, saa nne asubuhi.

Asubuhi hiyo binti alikunja shati la mwisho, akaniambia bila kuniangalia, "Mama, leo nikishindwa, vifungo vinarudi kwenye kopo. Sichezi tena." Namjua mwanangu. Hasemi neno la kuchezea.

Nikaketi kwenye benchi la wateja, tasbihi kiganjani. Sikuomba ashinde, kumwambia Mungu amnyoe mtoto wa mwenzangu niliona haya. Niliomba tu mikono yake isitetemeke.

Kinyozi hakukaa. Alikuwa na mteja kitini, kwa hiyo ananyoa, anageuka, anasogeza kete, anarudi kwenye kichwa.

"Dada, cheza basi! Huyu nilimnyoa ndevu, zimeshaota tena!"

Watu wakacheka. Binti hakuinua hata jicho. Kila alipopata upenyo alibadilishana naye: ngome kwa ngome, farasi kwa farasi, malkia kwa malkia. Kinyozi anakula, anafurahi, haangalii ubao unavyobaki mtupu. Nikaanza kujisogeza mbele kwenye benchi. Mara nikaona vile vifungo vitatu! Wafalme wawili, na askari mmoja, wa binti yangu.

Kinyozi akanyoosha mkono. "Haya, sare. Tutarudia kesho, mteja wangu yuko nusu kichwa."

Binti akautazama ule mkono. "Tuendelee."

Fundi saa akagonga meza kwa kidole. "Zamu yako, kinyozi. Saa inatembea."

Akacheza upesi upesi, kama kawaida yake. Binti naye: mfalme mbele, askari nyuma. Moyo wangu ulikuwa unarukaruka kama mashine ya kufulia iliyotiwa koti moja zito. Mara wafalme wakasimama uso kwa uso, kati yao nyumba moja tupu, na zamu ni ya kinyozi. Hapo ndipo binti alipokuwa akipiga makofi kule nyumbani! Maana anayelazimika kusogea ndiye anayepisha njia.

Kwa mara ya kwanza kinyozi akaweka mkasi chini, akakaa.

Nilimwona anavyoona. Macho yake yalikimbia mpaka mwisho wa ubao, yakarudi. Kilichomchukua binti yangu mwaka, yeye alikielewa kwa dakika moja. Lakini dakika yenyewe ilikuwa imeshapita. Akamsogeza mfalme pembeni, askari wa binti akapanda, akapanda tena, akawa malkia. Kinyozi akamlaza mfalme wake.

"Kinyozi kanyolewa!" mtu akapiga kelele. Mimi mjane wa watu nilipiga kigelegele mpaka tasbihi ikanidondoka.

Binti alikuwa analia na kucheka. Kinyozi akasubiri atulie.

"Dada. Niazime hilo daftari."

Binti akanitazama. Mwaka ujao atakutana naye tena kwenye ubao, na kila tunachokijua kimo humo. Sikutikisa kichwa wala sikukubali. Daftari ni lake. Akalifuta jalada kwa pindo la aproni, akampa.

Kinyozi akalifungua palepale. Akapita zile kurasa zote alizoshinda yeye, akasimama kwenye za mwisho, zenye wafalme wawili na askari mmoja.

"Kaka," mteja akaita kutoka kitini, nywele upande mmoja, "na kichwa changu je?"

Kinyozi akalibana daftari kwapani, akampita, akatoka huku anahesabu hatua kwa vidole.